Tengeneza au Badilisha: Injini Iliyochoka kwenye Barabara za Butembo na Beni



Swali ni fupi. Injini ya gari imechoka: tuifungue tuitengeneze, au tuitoe tuweke nyingine? Huuliza hivyo mwenye Carina ya teksi hapa Butembo, mwenye Noah ya abiria wa Beni, na mwenye Fuso anayepandisha mizigo kutoka Kasindi. Mara nyingi muulizaji amekwisha kuamua kabla hajafungua mdomo. Anatafuta shahidi tu. Mimi leo si shahidi wa mtu. Nitasema ninavyoona, na nitasema mapema ili msinisubiri hadi mwisho: katika miji yetu miwili injini nyingi hutolewa kabla ya siku yake, kwa ugonjwa ambao haukuwa ndani ya injini. Na ile iliyowekwa mahali pake hufa kwa ugonjwa uleule, maana chanzo chake kilibaki kwenye gari.

Tuanze na hiyo injini ya kubadilisha. Inatoka wapi?

Injini mpya kabisa, ya kiwandani, ndani ya sanduku lake, haimo katika hesabu yetu. Bei yake peke yake ingeweza kupita bei ya gari zima. Tunachonunua ni injini iliyotolewa kwenye gari jingine, na gari hilo mara nyingi lilitembea Japani. Yaangalieni magari yaliyosimama hapo nje: sheria ya Kongo inatutaka tuendeshe upande wa kulia wa barabara, lakini usukani wa mengi yao nao uko kulia, kwa sababu yaliundwa kwa nchi ambayo watu huendesha kushoto. Ndiyo maana dereva akitaka kulipita lori, abiria wa mbele ndiye humwambia kama njia ni tupu. Kwingine abiria hulipa ili akae. Kwetu analipa na kazi anafanya.

Japani gari dogo jipya hupelekwa ukaguzini likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari likizeeka, mwenyewe hupiga hesabu akaona heri alitoe. Tangu 2005 kule kuna sheria inayosimamia uvunjaji wa magari yaliyomaliza kazi, nani analipia na vyuma vinakwenda wapi. Mvunjaji akiona injini bado nzima, huitoa na kuiuza nje. Nyingine hupitia Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ambako kuna maghala kwa maghala ya vipuri vya magari yaliyovunjwa. Wafanyabiashara wetu Wanande wanaijua njia ya Dubai kwa miaka mingi, na baadaye wakajifunza ile ya Guangzhou. Kisha ni meli hadi Mombasa, barabara hadi Kampala, ambako soko la Kisekka huuza vipuri tangu asubuhi hadi giza, halafu mpaka wa Mpondwe, forodha ya Kasindi, kilometa kama 80 hadi Beni, na nyingine 54 hadi hapa tulipo.

Sipigani na biashara hiyo. Bila yake mji huu ungekuwa unatembea kwa chukudu zetu za mbao. Ninachotaka mkione ni kwamba kila mkono uliopokea injini ile ulijua habari zake kidogo kuliko mkono uliotangulia. Yule Mjapani alijua alibadilisha oili lini. Mvunjaji alijua lile gari liligongwa wapi. Mwenye ghala la Sharjah alijua ilikuja na kontena lipi. Muuzaji wa Butembo anajua bei. Atakwambia, "Hii imetembea elfu sitini tu." Idadi ya kilometa husomwa kwenye dashibodi, na dashibodi ilibaki Japani.

Kwa hiyo anayesimama kati ya kutengeneza na kubadilisha anachagua kati ya uchovu anaoujua na uchovu asioujua. Huo asioujua unaweza kuwa mdogo sana, nakubali. Barabara za Japani ni za lami, oili yao ni ya kweli, na wako watu hapa waliofunga injini ya namna hiyo na hawajaifungua hadi leo. Lakini wako na wengine, na hao hawasimulii sana.

Sasa tuje kwenye ile injini ya kwanza, inayotuhumiwa. Kabla hujaihukumu, ipime. Naona mmoja wa vijana wa garaji hapa anatabasamu, kwa sababu anajua jinsi tunavyopima: fundi anakanyaga mafuta, anatazama moshi, anasema "moteri imekufa". Moshi una habari, si haba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua, na mara nyingi dawa yake ni filta ya hewa au nozeli, vitu vya bei ndogo. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Ila hata moshi wa buluu hausemi oili imepita wapi. Inaweza kupanda kupitia ringi za pistoni zilizolika. Inaweza pia kushuka kupitia vile vimpira vidogo vya valvu ambavyo joto limevifanya vigumu kama mfupa. Kazi ya kwanza ni kubwa. Ya pili, kwenye injini nyingi, fundi mwenye mkono mzuri huifanya bila kulitoa bloku.

Kifaa kinachotenganisha hizo mbili ni geji ya kompresheni, na bei yake haifikii hata gharama ya kulivuta gari kutoka Maboya hadi hapa. Unatoa plagi zote, unafunga geji kwenye silinda ya kwanza, mwenzako anakanyaga mafuta hadi chini na kuizungusha injini kwa stata. Unaandika namba, unakwenda ya pili. Ukikuta silinda iko chini, unaitilia kijiko cha oili na kupima tena. Namba ikipanda, oili imeziba pengo la ringi, basi ringi au silinda yenyewe imelika. Isipopanda, hewa inatoka juu, kwenye valvu au kwenye gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Chukueni mfano wa 3S-FE, injini ya petroli ya lita 2 iliyomo katika Ipsum na Noah za zamani: kitabu cha kiwanda kinataka kama bar 12 kwa injini nzima, kinakubali hadi karibu bar 10, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mnaosoma vitabu hivyo. Namba hizo ziliandikwa kwa mtu aliye karibu na usawa wa bahari. Butembo iko juu, karibu mita 1,750. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 na kidogo ya ule wa Mombasa. Pistoni inaminya hewa iliyo nyepesi tangu mwanzo, basi na geji itasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Injini ambayo Mombasa ingeonyesha bar 12, hapa itaonyesha kama 10. Fundi akifungua kitabu ataona 10, atasoma kwamba 10 ndiyo mpaka wa mwisho, na ataihukumu injini iliyo nzima. Ipelekeni injini hiyohiyo Beni, iliyo chini kwa mamia ya mita, namba itapanda bila mtu kugusa hata parafujo moja. Kwa hiyo huku kwetu usiiamini sana namba yenyewe. Tazama tofauti kati ya silinda. Nne zenye 10, 10, 9.8 na 10 ni ndugu wazima. Zenye 10, 10, 6 na 10 zina mgonjwa mmoja, na mgonjwa mmoja hatumfanyi sababu ya kuizika familia yote.

Ni hewa hiyohiyo nyepesi inayofanya gari lisilo na tabo lipoteze karibu asilimia 17 ya nguvu likiwa hapa. Mtu anayenunua gari Kampala na kulipandisha Butembo anadhani ameuziwa injini iliyochoka. Imechoka kidogo kweli, lakini sehemu nyingine ni milima.

Na sasa muuaji mwenyewe: joto. Kama kuna jambo moja mtakalotoka nalo hapa, napenda liwe hili, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mama zetu wanajua maharage ya Butembo yanakawia jikoni kuliko ya Kasindi. Maji hapa huchemka yakifika kama nyuzi 94, hayafiki 100. Ndani ya rejeta ni vilevile, isipokuwa kiwanda kiliweka kinga: kifuniko cha rejeta chenye springi. Kifuniko kizima hushikilia mgandamizo wa karibu bar 0.9 juu ya ule wa nje, na kwa mgandamizo huo maji ya hapa hayachemki hadi yapite nyuzi 115. Thamostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Basi hesabuni. Kifuniko kikiwa kizima, kati ya joto la kawaida la kazi na joto la kuchemka kuna nyuzi zaidi ya 30 za usalama. Springi ikilegea, au kifuniko kikipotea na dereva akaziba kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, zinabaki 12. Kwa hizo 12 unataka kupandisha gari lenye watu tisa na magunia juu ya paa.

Nawajua mtakaosema, "Lakini sisi tulitoa thamostati, maji yanazunguka wakati wote." Hilo nalo ni kosa letu la nchi nzima. Thamostati ikitolewa, injini hutembea baridi mno mteremkoni na asubuhi. Petroli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi hulika zikiwa kavu. Mlimani, ambapo ungependa ikusaidie, kutokuwapo kwake hakukusaidii kama rejeta imeziba matope na kutu. Na kutu inatoka wapi? Maji ya mto. Tunaijaza rejeta kwa kidumu kwenye daraja la kwanza tulionalo.

Injini ikichemka, kinachopinda kwanza ni silinda hedi, kwa kuwa zilizo nyingi ni za aluminiamu na zimefungwa juu ya bloku la chuma. Vyuma viwili hivyo havitanuki sawa. Gasketi inaachia. Maji yanaingia ndani ya oili, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na bearingi za krenki zinazunguka kwenye chai hiyo. Ziko injini zinazojulikana dunia nzima kwa hedi kupasuka zikichemka: 2C ya dizeli, yenye tabo hasa, na 1KZ-TE ya Prado. Mwenye 1KZ ambaye hajui hali ya rejeta yake anaendesha deni.

Hebu tufuate kisa kinachotokea kila siku. Gari limechemka kwenye mlima, hedi imepasuka. Fundi anasema badilisha injini. Mwenye gari anauza ng'ombe au anakopa, ananunua injini ya Japani, inafungwa. Rejeta ni ileile, kifuniko ni kilekile, feni ni ileile yenye ubawa mmoja uliokatika. Baada ya muda injini ya Japani nayo inachemka kwenye mlima uleule. Halafu watu wanasema injini za siku hizi ni mbovu! Injini ilikuwa nzima. Ililetwa kutoka upande wa pili wa dunia kuja kufia kwenye rejeta yetu.

Vumbi lina kesi yake pia. Kiangazi, lori likipita, gari dogo la nyuma linameza barabara. Filta ya hewa iliyopulizwa kwa kompresa mara nyingi inatoboka vitundu ambavyo jicho halivioni. Toa bomba la hewa lililo baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi, umejua ringi zako zinaliwa na nini, na umejua kwamba ringi mpya au injini nyingine italiwa vilevile. Kuhusu mafuta yanayouzwa kwa chupa na wale tunaowaita kadafi sitasema mengi, maana wengine ni watoto wetu na wanalipa shule kwa kazi hiyo. Chuja, acha maji yatue, na usijaze yale ya mwisho kutoka chini ya kidumu.

Sasa tuseme umepima, umejua chanzo, na kweli injini imelika. Hapo linaingia swali la chuma gani. Hili wenye magari hawaulizi kabisa, wakati kwangu linakuja kabla ya pesa.

Injini za zamani za Toyota zenye bloku la chuma cha kusubu, kama 3S-FE, 5A-FE ya Corolla, 3L ya dizeli katika Hiace na Hilux, na mzee wao 1HZ wa Land Cruiser, ziliundwa na watu waliojua kwamba siku moja zitafunguliwa. Silinda yake huchongwa ikapanuka nusu milimita, ikawekwa pistoni ya kipimo kilichoongezwa, na inaanza maisha upya. 1HZ ina silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Ilitoka 1990 na bado mashirika yanaitafuta. Kumtoa mzee huyo kwenye gari ili kuweka injini usiyoijua, kwa sababu ringi zimelika tu, mimi nasema ni uharibifu. Mtengenezeni.

Injini nyingine hazikuundwa kwa ajili hiyo. 1ZZ-FE, iliyokuja na magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ina bloku la aluminiamu lenye kuta nyembamba za chuma ndani. Kiwanda hakikutoa pistoni za kipimo kilichoongezwa, kwa kuwa hakuna nyama ya kuchonga. Na zile za kwanza zilikuwa na ugonjwa wa kunywa oili tangu kuzaliwa. Hiyo ikilika, badilisha, wala usimsikilize anayetaka kujaribu kuichonga. Na zile zenye maandishi D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa, sijui zilimkosea nani hata zikaletwa huku. Pampu yake haivumilii mafuta ya chupa. Wengi huishia kuitoa na kuweka injini ya kawaida, na hapo ndipo wanapogundua kwamba injini haiji peke yake: inataka kompyuta yake, nyaya zake, mara nyingine na giaboksi yake. Ukinunua injini bila kompyuta umenunua chuma cha kukalia.

Kutengeneza nako kuna masharti, nisije nikaonekana nauza kazi ya garaji. Kufungua injini chini ya mwembe, mchanga ukiruka, na kuweka ringi mpya ndani ya silinda iliyolika umbo la yai, si kutengeneza, ni kuahirisha. Silinda ipimwe kwa maikromita juu, katikati na chini, maana hulika zaidi juu. Krenki ipimwe. Hedi isawazishwe kwa mashine, si kwa msasa juu ya kioo, na ipimwe nyufa kwa maji yenye mgandamizo. Kazi ambayo mashine yake haipatikani hapa, peleka bloku Kampala. Kutoka Mpondwe ni zaidi ya kilometa 400, na nauli ya bloku si ndogo, lakini ni ndogo kuliko kufungua injini mara mbili. Halafu kuna vipuri vya bandia, vyenye sanduku zuri kuliko la vile vya kweli. Fundi anayekwambia ringi zote ni sawa, mwombe akuonyeshe injini yake mwenyewe.

Pesa. Wengi mlidhani nitaanza nayo.

Nitatumia namba za mfano, kila mtu aweke zake. Tuseme gari lako lenye injini mbovu lingeuzwa dola 1,500, na likiwa zima lingeuzwa 3,000. Ukitaka kuliuza, kazi yoyote inayopita 1,500 ni hasara, iwe ya kutengeneza au ya kubadilisha. Liuze lilivyo, mwambie mnunuzi ukweli, nenda nyumbani. Lakini wengi hapa hamuuzi. Gari linakula na kulisha. Basi hesabu siku. Kubadilisha, ikiwa injini iko mjini, ni kazi ya siku chache. Kutengeneza vizuri, bloku likienda Kampala na kurudi, forodha ikikawia, kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na kila siku ya hizo ni pesa ambayo dereva hakuleta jioni. Mwenye teksi moja asiye na akiba anaweza kuwa na haki ya kubadilisha hata pale ambapo kitaalamu ningemwambia atengeneze. Mwenye magari matatu hana udhuru huo.

Tazameni pia nani anakushauri. Dereva anataka gari lirudi barabarani kesho. Fundi anayelipwa kwa kufungua atapenda kufungua. Fundi mwenye komisheni kwa muuzaji wa injini atapenda injini. Hakuna mwovu hapo, kila mtu anavuta kwake, na mwenye gari mara nyingi yuko sokoni au Kasindi, anaamua kwa simu. Usiamue kwa simu. Njoo uone geji.

Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, mashirika yalikodi magari mengi Beni na Butembo, na watu wakakimbilia kununua. Magari yale yalifanya kazi ngumu kwa haraka, mengine bila kupumzika, kwa sababu kila siku ilikuwa na dola zake. Ugonjwa ulipokwisha, dola zikaondoka, injini zikabaki na wenyewe. Mengi ninayoletewa leo yana historia hiyo. Ukinunua gari la mkono wa pili mjini kwetu, uliza lilikuwa wapi 2019.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi ya garaji, nanyi mnaijua kuliko mimi. Gari likizimika mlimani kati ya Butembo na Beni, unalala baridi. Likizimika kati ya Oicha na Eringeti, au kwenye njia ya Kasindi ndani ya mbuga ya Virunga jua likizama, hilo ni jambo jingine. Watu wetu wameuawa kwenye barabara hizo, magari yakachomwa na waasi wa ADF. Msafara unaosindikizwa na wanajeshi haumsubiri anayechemka. Kwa hiyo mtu anayepita huko simpimii kwa dola peke yake. Injini "inayokwenda bado" si injini ya njia hiyo. Kama hali yake ina mashaka, gari lifanye kazi ndani ya mji mpaka mwenyewe apate pesa ya kufanya kitu kamili. Na injini iliyofungwa jana, iwe ya Japani au iliyochongwa upya, isiende huko wiki yake ya kwanza. Iache izunguke mjini, kaza tena bolti za hedi kama kiwanda kinavyotaka, badilisha oili mapema, tazama maji kila asubuhi.

Mtasema barabara zitabadilika. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua pale Mpondwe mpango wa kutengeneza njia za Kasindi–Beni, Beni–Butembo na ile ya Bunagana kwenda Goma, jumla kilometa 223. Kazi imekwenda polepole kuliko tulivyotamani, lakini palipotengenezwa vumbi limepungua na safari ya saa nyingi imekuwa fupi. Kwa injini lami ina faida na hila yake. Ringi zitaishi zaidi. Madereva nao wataanza kukimbia, na injini iliyozoea kilometa 30 kwa saa itatakiwa kwenda 90 ikiwa na rejeta ileile iliyoziba. Baada ya Kanyabayonga kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, njia ya kusini kwenda Goma imekuwa si ya kutegemea, na uzito wote wa biashara umeegemea Kasindi. Injini zetu zinafanya kazi ya njia moja iliyobeba mzigo wa njia mbili.

Nimalizie kwa aliyekwisha kupima, akajua chuma chake, akaamua kubadilisha. Usinunue injini iliyolala sakafuni ikiwa imepakwa rangi. Taka uione imewekwa kwenye gari la mtu au kwenye stendi, iwake ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika imefichiwa kitu. Toa kifuniko cha oili ikiwa inazunguka, uone kama inapumua moshi. Vua sampu ukiweza. Vumbi la shaba chini yake ni bearingi zinazokuaga. Pima kompresheni hapohapo dukani, na kumbuka hesabu ya milima. Andikisheni karatasi yenye namba ya injini, tarehe, na siku ngapi inaweza kurudishwa, na wote wawili mtie sahihi mbele ya mtu wa tatu. Nunua rejeta, kifuniko, thamostati na mipira ya maji siku hiyohiyo, kabla pesa haijapata kazi nyingine.

Na ile injini ya zamani. Mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza kwa nini fundi hakumpunguzia bei baada ya kumfungia nyingine. Nikamuuliza ya kwanza iko wapi. Hakujua. Mama, ilikuwa na krenki, alteneta, stata, pampu ya maji, na labda hedi nzima. Mtu fulani ameshaiuza kipande kwa kipande. Kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa, semeni na fundi: injini inayotoka inarudi nyumbani, au inahesabiwa kwenye malipo.